Sufuria ya Kijani ya Kavata

Kavata alikuwa na mdomo mwepesi, na ndio uliomtia matatani. Walikuwa wakipalilia na mama mkwe wake, Nthenya, aliporopoka kwamba viazi vitamu vyake vya zambarau vinashinda maharagwe yote ya Kathiani kwa utamu. Nthenya, ambaye maharagwe kwake ni kama dini ya pili, aliegemea jembe.

"Sawa. Jumamosi jumuiya inasali hapa kwetu. Wapikie hizo viazi zako. Wakimaliza sahani, shamba ya bondeni ni yako, panda mpaka uchoke. Wakiacha, mimi napanda maharagwe na sitaki kusikia hii maneno tena."

Kavata alikubali kabla hajafikiri. Shamba la bondeni alilitamani tangu aolewe. Ndilo pekee lililobaki na unyevu mvua inapowakimbia. Yeye viazi vyake vilibanana kwenye kitalu kimoja nyuma ya jikoni.

Jumamosi ikafika. Jikoni kulikuwa na sufuria mbili zikichemka: moja ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe yake, na ya pili ya viazi. Maji ya viazi yalikuwa yamepiga rangi ya vazi la padri wakati wa Kwaresima. Kavata akatabasamu, akatoka kupanga viti.

Aliporudi alidhani ameingia jikoni kwa watu wengine. Viazi vilikuwa kijani. Si kijani cha sukuma wiki cha kumpa mtu hamu ya kula. Kijani cha bwawa la ng'ombe. Nthenya alikuwa amesimama hapo, kijiko mkononi.

"Mwaitu, mama yangu! Umeweka nini hapa?"

"Magadi tu. Kidogo." Nthenya alificha kijiko nyuma ya mgongo. "Nimeweka ya muthokoi, mkono ukapitia na hapa."

Hilo halikuwa la kushangaza. Nthenya huweka magadi katika kila kinachochemka, na chai imenusurika kwa neema ya Mungu tu. Kavata alishikwa na hasira mpaka machozi yakamlengalenga. Lakini alipomtazama vizuri, aliona mama mkwe ameogopa kuliko yeye. Huyu ndiye mpishi wa kila harusi kijijini. Wanza, mwenyekiti wa jumuiya, akijua kwamba Nthenya ameharibu chakula cha mkaza mwanawe, itakuwa hadithi mpaka Krismasi.

Nyimbo zilikuwa zimeshaanza kusikika njiani. Kavata akamwaga maji ya viazi, akavionja, akakuta utamu bado upo. Akaviponda kwa maziwa na siagi, akapakua.

Wanza aliinua sahani mpaka puani. "Kavata, si ulituambia ni ya zambarau? Hii ni nini sasa?"

Kavata akafungua mdomo wake mwepesi. Nthenya akamwahi.

"Hiyo ni aina mpya. Iko na Kavata peke yake."

Kisha akajipakulia mlima wa viazi na kuanza kula bila kupumua, macho yakimtoka. Akina mama wakaonja kwa woga. Wakaonja tena. Vijiko vikaanza kugonga sahani.

"Nesa vyu! Tamu kabisa!" Wanza alisema, akiramba kidole. "Nikatie marando ya hizi viazi nikapande."

"Na mimi!"

"Mimi pia, Nthenya!"

Nthenya akameza. Akamtazama Kavata, Kavata akatazama paa.

"Marando bado ni kidogo," Nthenya alisema polepole, kama mtu anayeng'olewa jino. "Kavata atapanda kule bondeni, shamba yote. Ikikomaa, mtakuja mchimbe mjionee."

Wageni walipoondoka, Kavata alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamkatika.

"Mwaitu, na wakija kuchimba wakute ni zambarau, tutasema nini?"

Nthenya alikuwa ameshajifunga leso, tayari kwenda kujilaza.

"Unaniuliza mimi? Shamba si ni yako?"