Jaji wa Pilipili

Mimi si mtaalamu wa chakula, mimi ni mbeba viti. Kampuni yetu inakodisha viti, meza na mahema, na mji huu kila Jumamosi kuna watu wamekusanyika kuonja kitu. Leo asali, wiki ijayo jibini, wiki nyingine kahawa. Sisi tunapanga viti asubuhi, jioni tunavikusanya. Katikati hapo hakuna kazi, na mimi kukaa bure siwezi, nawashwa mwili mzima. Basi navua aproni ya kampuni, navaa shati la kola, naingia kuonja.

Miaka miwili nimeonja. Nikajifunza kuzungusha kitu mdomoni na kusema "mmh" huku natazama dari. Ukitazama dari watu wanajua unafikiri. Mimi huwa nahesabu taa.

Kilichoniponza ni supu. Siku moja mpishi mkuu wa hoteli alitugawia supu yake, watu wakawa wanaisifu kama wamelipwa. Mimi nikaropoka, "Hii ilishika chini." Mpishi akanitazama, halafu akacheka mpaka kofia ikaenda upande.

"Kweli iliungua, nikabadilisha sufuria. Wewe ni nani?"

Dereva wa lori letu alikuwa mlangoni anatafuta soda ya bure. Akanijibia, "Huyo ni Mtaalamu."

Jina likaganda. Miezi mitatu baadaye, mratibu wa maonyesho, mama mmoja anayekumbatia faili lake kama kuna mtu anataka kumnyang'anya, akanipigia simu. Jaji wao wa shindano la sosi za pilipili ameugua, naweza kushika nafasi? Mtu mwenye akili angekataa. Mimi nikasema, "Ngoja niangalie ratiba yangu." Ratiba yangu ilikuwa kufuta viti.

Balaa ni kwamba dada yangu naye alikuwa kwenye shindano hilohilo.

Dada ndiye aliyenilea. Shule niliacha mapema, jikoni kwake sikuacha. Anapika sosi ya pilipili, anaitia kwenye chupa, anapanda nayo ngazi za maofisi, ghorofa kwa ghorofa, maana lifti za kule zinataka kitambulisho. Magoti yamemvimba. Daktari kamwambia ngazi basi. Na mshindi wa shindano lile angepewa rafu kwenye duka kubwa mwaka mzima, wateja wamfuate yeye. Dada alikuwa haongei kitu kingine.

Nilipomwambia mimi ndiye jaji, aliacha kukoroga.

"Wewe? Unamhukumu nani?"

"Majina yamefichwa, dada. Ni namba tu, hata nyinyi wenyewe hamzijui."

"Afadhali. Usije ukanipendelea, mdogo wangu. Nikishinda nishinde kwa mkono wangu."

Nikasema sawa. Moyoni nikasema sosi yako naijua hata nikiwa usingizini. Dada anapika huku anasikiliza mchezo wa redio. Mume wa kwenye mchezo akikaribia kufumaniwa, dada anaganda na mwiko juu, sufuria inashika chini. Kila mara. Tangu utotoni sosi ya kwetu ina kamoshi fulani kwa mbali.

Siku yenyewe tulikuwa majaji watatu: mimi, yule mpishi mkuu, na mwanamke anayeandika habari za chakula gazetini. Mbele yetu vikombe vinane vyenye namba. Dada alikaa safu ya pili na washiriki wenzake, kavaa gauni lake la harusi za watu, hatikisiki.

Namba nne nilipoilamba tu, moshi. Nikatulia kama mtu aliyefika nyumbani. Hii hapa.

Shida ikaja namba saba. Ilikuwa laini, pilipili inakuja polepole, nyanya unaisikia. Mpishi akainua nyusi. "Hii ina kazi ndani yake," akasema. Nikaona rafu ya dada inaondoka hivihivi. Nikatazama dari.

"Haina roho," nikasema. "Imeoshwa mno. Kama mtu aliyeazima suti."

Suti ya kuazima naisema mimi, na lile shati la kola ni la dereva.

Mwandishi akaandika. Mpishi akaonja tena, akakuna kidevu. Kwa sababu ya ile supu, aliniamini. Nikaongea dakika kumi nzima juu ya roho ya namba nne. Hesabu zikatoka, nne ya kwanza, saba ya tano.

Mratibu akafungua faili. Namba nne ni ya jamaa mmoja mwenye ndevu, simjui, hata yeye alitazama nyuma kuona anaitwa nani. Halafu mratibu akasoma maoni ya majaji. "Namba saba: haina roho, imeoshwa mno." Kisha akamtaja mwenye namba saba: dada yangu.

Dada alipiga makofi pamoja na wengine. Kisha akainama, akawa anakanda goti.

Nikamfuata. "Dada, ile ni yako? Mbona haijaungua?"

"Nilizima redio. Siku mbili nimeikalia ile sufuria kama kuku juu ya mayai." Akanitazama. "Aliyesema haina roho ni nani?"

Ningeweza kusema ni mwandishi. Nilishafungua mdomo. Nikaona mkono wake uko palepale kwenye goti.

Nikaenda kuchukua kipaza sauti. "Samahanini. Mimi si mtaalamu, ni mbeba viti. Nilidhani namba nne ni ya dada yangu, nikaibeba. Saba nikaikanyaga. Kumbe saba ndiyo yake."

Watu walicheka mpaka viti vyetu vikalia. Mwenye ndevu akauliza, "Kwa hiyo yangu imeungua?"

"Imeungua, kaka."

"Nilikuwa kwenye simu," akasema, akakaa.

Mratibu alinifuta kwenye faili kwa kalamu nyekundu, akaniomba nitoke. Wale wawili wakaonja nne na saba upya. Mimi nikavaa aproni, nikakaa nje na dereva tukikunja viti.

"Mtaalamu," dereva akasema, "shati langu lina sosi."

Makofi yakasikika. Dada akatoka anachechemea, karatasi mkononi.

"Rafu tumepata?"

"Nimepata. Wewe umepata aibu." Akavuta kiti nilichokuwa nimekikunja, akakikunjua, akakaa. "Hivi miaka yote hiyo ulijua inaungua, hukusema?"

"Nilidhani ni kiungo."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile karatasi. Halafu akaniambia duka linataka chupa nyingi na magoti yake hayawezi kusimama jikoni kutwa. Nitakoroga mimi, yeye atakaa na redio yake sebuleni.

Ndiyo kazi yangu ya Jumamosi siku hizi. Kuonja kumeisha. Tatizo sebule na jikoni vimetenganishwa na pazia tu, na wiki iliyopita yule mume kafumaniwa kweli.

Sufuria nzima imeshika chini. Dada kaniambia nikaimwage. Nikailamba kwanza. Tamu ajabu.