Muziki wa Kulalia Mchana

Mume wangu Kiprono hajui kufanya jambo nusunusu. Akipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, anapanda kana kwamba Penrith nzima, mji wetu huku ughaibuni, inamtegemea kwa mboga. Kwa hiyo Agosti ile ya 2021, bohari anayofanyia kazi kule Smithfield ilipompunguzia zamu hadi siku mbili kwa wiki, na akiwa nyumbani akagundua kwamba mkewe halali, nilijua nimepatikana.

Hali ilikuwa hivi. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, na mwaka ule nilikuwa wodi ya wagonjwa wa korona huko Westmead. Nilikuwa nikitoka kazini saa moja na nusu asubuhi, naendesha gari mpaka nyumbani, nabadilisha nguo kabla sijamgusa mtu, nakunywa chai, napanda kitandani. Hapo macho yanakuwa makavu. Jirani wa kulia alikuwa na mashine ya kukata majani na hakuwa na kazi nyingine duniani. Wa kushoto alikuwa akipigilia mbao. Helikopta ya polisi ilizunguka juu kuona nani ametoka nyumbani bila sababu wakati wa karantini. Jikoni binti yetu Jerop, wa miaka tisa, alikuwa akisoma kwa kompyuta na darasa zima likiimba hesabu za kuzidisha. Wiki ya tatu nilikuwa nikilala kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, na asubuhi moja kwenye barabara kuu nilishtuka gari liko kwenye njia ambayo si yangu. Hilo nilimwambia Kiprono, na nikajuta papo hapo. Mtu akishajua mke wake anaweza kufa barabarani, hakai tena kitako.

"Unahitaji sauti ya kufunika hizi sauti zingine," akaniambia siku ya pili. "Nimesoma. Inaitwa ambient. Watu wanalala nayo."

"Hata rhumba ni sauti, Baba Jerop."

"Rhumba iko na maneno. Utaanza kuimba."

Hapo alinishinda, maana ningeimba kweli.

Muziki wa kwanza tuliusikiliza sote watatu mezani, kama watu wanaoonja supu ya mgeni. Ilikuwa sauti moja ya kinanda, imeshikwa, haiendi mbele wala nyuma. Dakika tano zikapita. Jerop akainua uso. "Dad, when does it start?"

"Ngoja," Kiprono akasema. "Huyu bado anapasha moto."

Tulingoja dakika ishirini na moja. Ukaisha. Kiprono alikaa akiitazama simu kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha akasema labda wimbo wenyewe unauzwa kando.

Lakini hakuacha. Kwanza aliona mingine inaitwa new age, na yeye ni mzee wa kanisa, akaingiwa na hofu kwamba anamletea mkewe mizimu chumbani. Akampigia pasta. Pasta, ambaye mwaka ule alikuwa amechoka kuliko sisi sote, alimuuliza kama kuna maneno. Hakuna. "Basi, mzee, kama hausemi kitu hauwezi kusema uongo," pasta akasema, na Kiprono akarudi gereji moyo mweupe.

Gereji ya nyumbani, ya kuegesha gari, ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Aliweka kiti nyuma ya ule mlango wa bati unaojikunja, akachukua headphone za shule za Jerop zenye masikio ya paka, akaanza kazi. Na kwa kuwa hakujua kupima muziki wa aina hiyo, alitumia kipimo alichokuwa nacho. Mama yake, kule Bomet, alikuwa akikama ng'ombe huku akivumisha sauti puani, kwa sababu ng'ombe akishtuka huficha maziwa, na hata umbembeleze vipi hashushi tena. Kiprono amelelewa kwenye zizi hilo. Kwa hiyo kila muziki aliuuliza swali moja: ng'ombe angeshusha?

"Huu unapiga teke ndoo," aliniambia nikipita na chai. "Sikia hapo, sikia. Violin ya nini?"

Nilimcheka, lakini alikuwa anajifunza kweli. Aliniambia mingi inatengenezwa tu ili iuzwe; imeandikwa usingizi wa ajabu, saa nane, halafu katikati mtu anakupigia kelele ununue godoro. Hiyo aliitambua kwa nusu dakika. Mizuri ilikuwa michache na ilikuwa imejificha. Kulikuwa na mmoja wa mvua ikinyesha juu ya mabati, na nyuma yake kinanda kinapumua polepole. Mwingine ni wa mwanamke wa nchi ya baridi anayepiga piano nyumbani kwake, unasikia hata sakafu ikilia chini ya kiti. "Huyu anasikiliza," Kiprono akasema. "Wale wengine wanapiga tu, lakini huyu anapiga akisikiliza." Mume wangu, ambaye kwa miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kusikia hata mashine ya nguo ikimaliza! Nilimpenda upya siku hiyo, nikiwa nimechoka hivyohivyo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Alinitengenezea mpangilio wa muziki wa kucheza kwa saa sita. Alifunga mapazia kwa pini, akaweka spika ndogo juu ya kabati, akawasha, akatoka kwa ncha za vidole. Mvua ya mabatini ilikuwa tamu. Usingizi ulianza kunijia kabisa. Kisha ukaingia muziki wa pili, na ndani yake kulikuwa na kengele ndogo, tin, tin, mbali. Nilikuwa nimeketi kitandani kabla sijajua nimeamka. Mguu mmoja ulikuwa sakafuni. Sauti ile ni ya mashine ya dripu dawa inapoisha. Muziki uliofuata ulikuwa na mlio mwembamba unaoshuka, na huo ni wa mashine inayopima oksijeni ya mgonjwa. Muziki ule wa kutuliza watu, karibu wote, una kitu kinacholia kama wodi yangu.

Nikasikia nyayo zake koridoni. Nikajilaza haraka, nikafumba macho.

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kusimama kando ya watu waliolala na kuhesabu wanavyopumua. Najua kifua cha aliyelala kinavyopanda, najua midomo inavyolegea. Nilipumua mara kumi na nne kwa dakika. Kiprono alisimama mlangoni muda mrefu, kisha nikamsikia akimnong'onezea Jerop kwa furaha, "Ameshusha."

Ungekuwa wewe ungefungua macho? Mimi sikuweza. Siku ya pili pia nilijifanya, na ya tatu, na kila jioni nilipotoka chumbani alikuwa amesimama na chai akiniuliza, "Umelalaje?" na mimi nikijibu, "Usingizi wa pono." Mambo ya wodini sikuwa nikiyaleta nyumbani hata kwa neno, hilo nilijiwekea tangu Juni, wodi ilipoanza kujaa. Sasa ningemwambiaje kwamba kengele zake nzuri ni vitanda vyangu?

Alhamisi moja alichukua simu yangu akatuma ule mpangilio kwenye kundi letu la WhatsApp la wauguzi na watunza wazee. Ukasambaa. Rafiki yangu Belyse, Mrundi aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi huko Kasulu na sasa anatunza wazee, alinipigia simu nikielekea kazini.

"Dada, mwambie mume wako merci beaucoup. Ile ya mvua, mimi nalala mpaka watoto wananiamsha na maji. Ile ya makengele tu ndiyo nilifuta. Ile ni kama mashine, hapana? Wewe unaiweza aje?"

"Naizoea," nikasema.

"Hm," Belyse akasema. Kwetu na kwao, hm ni sentensi nzima.

Alhamisi hiyo Kiprono alihesabu shukrani ishirini na tatu, akanisomea moja moja, na uso wake ulikuwa kama wa bwana harusi.

Jumanne iliyofuata, siku yangu ya kumi na moja ya kujifanya, niliendesha gari mpaka nyumbani salama. Nakumbuka nikikata kona ya mtaa wetu. Nakumbuka nikipanda njia ya kuingilia nyumbani. Nikajiambia, umefika, na mwili wangu uliposikia neno umefika ukakubali. Nililala kwenye usukani na mguu ukiwa juu ya pedali ya mafuta.

Mlio wa bati ndio ulioniamsha. Gari lilikuwa limeusukuma mlango wa gereji ndani, umepinda katikati. Nilitoka mbio, nikapita mlango wa pembeni. Kiprono alikuwa amekaa kwenye kiti chake, masikio ya paka kichwani, daftari mapajani. Kati ya magoti yake na lile bati lililopinda ungeweza kuweka ndoo moja. Alivua headphone taratibu.

"Nilidhani hatimaye muziki umeanza," akasema, kisha akaliona bati, kisha akaniona mimi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu kilikuwa karibu kuwa cha matanga. Nilikaa kwenye sakafu ya saruji na sare yangu ya kazi, ambayo sijawahi kuiingiza karibu na mtu wa nyumbani.

"Baba Jerop, mimi silali. Siku kumi na moja najifanya."

"Hata Alhamisi?" akauliza.

"Hata Alhamisi."

Nikamweleza kengele. Nikamweleza mlio wa oksijeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza alikasirika, na Kiprono akikasirika sauti hushuka badala ya kupanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

"Nani alikuomba furaha? Mimi nilikuwa natafuta usingizi wako. Kama muziki ni mbaya unasema ni mbaya, natafuta mwingine. Iko mingi." Akajipangusa uso kwa masikio ya paka bila kujua. "Ungekufa ukinifurahisha. Ningewaambia nini watu?"

"Ningekuua wewe, Kiprono."

"Hiyo pia."

Alipiga simu kazini kwangu yeye mwenyewe. Alisema, "My wife is not fit to drive, so she is not coming tonight, and tomorrow we will see," kwa Kiingereza chake cha mkutano wa kanisa, na hakuna aliyembishia. Nilipokwisha kuoga, nilikuta ametoa viti viwili uani kwenye jua, kando ya sukuma wiki, na simu iko juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kaa. Tunasikiliza pamoja. Sauti ikikusumbua unaniambia ni nini."

Akawasha wa kwanza. "Hiyo," nikasema. "Ni dripu imeisha." Akaufuta. Wa pili. "Oksijeni imeshuka." Akataka kuufuta, kidole kikasimama.

"Ya nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ya nani. Kazini tunauliza kitanda namba ngapi. Jina sikuweza kulitaja, lakini nilimwambia ni mzee mmoja mkulima wa mboga, mikono yake ina nyufa kama ya baba yangu, na kwamba wageni walikuwa hawaruhusiwi, kwa hiyo nilimshikia simu sikioni ndani ya mfuko wa plastiki ili watoto wake wamuage. Mlio ule ulikuwa ukishuka wakati wote. Nilimshikia mpaka mkono ukafa ganzi, na hata baada ya mzee kufariki sikujua nani awaambie watoto wakate simu.

Kiprono aliufuta ule muziki, akawasha mwingine, nami nikamwambia wa kitanda kingine, na mwingine, mpaka, mbali na ule wa mvua, ukabaki mmoja tu usio na kengele, sauti nzito za kinanda zinazopishana polepole. Sikumbuki ulivyoisha.

Nilipofungua macho jua lilikuwa limehamia kwenye ua wa jirani na koti lake lilikuwa juu yangu. Nilikuwa nimelala kwa saa tano nzima. Simu ilikuwa imezimika chaji. Kiprono alikuwa palepale, mikono kifuani, anasikia baridi na hakuwa ameingia ndani hata mara moja.

"Yule mzee," akasema, kana kwamba hatukuwahi kunyamaza. "Watoto kwenye simu walikuwa wangapi?"

"Watatu," nikasema. "Wawili walikuwa wanalia. Mmoja alikuwa anamwimbia."

"Wimbo gani?"

Sikuijua lugha yake. Lakini sauti nilikuwa nayo yote, tangu Juni, kichwani, mwanzo mpaka mwisho. Kiprono akakivuta kiti chake karibu, na nikamwimbia, mpaka Jerop akatoka kuuliza tutakula nini.