Dakika Ishirini za Mama Mkwe

Kila mwaka ukianza watu wa Dutwa hupandwa na wazimu wa afya, na mimi ndiye ninayeutibu. Mwaka huu Bujiku, mnunuzi wa pamba mwenye kitambi kinachomtangulia mlangoni, alitangaza mbele ya kanisa zima kwamba atakimbia kila asubuhi hadi Bariadi. Tarehe moja alikimbia, hakufika popote. Tarehe mbili aliletwa zahanati kwa bodaboda, magoti yamevimba, akinilaumu mimi kana kwamba nilimtuma.

Nilimcheka mbele ya mke wake. Mimi huwaambia watu jambo moja: weka lengo dogo, la kweli, ambalo hata ukiwa na mafua utalitimiza. Punguza tonge moja, ongeza hatua mia. Haba na haba hujaza kibaba. Wenye sukari nawaongezea: kila jioni kagua miguu yako, nyayo mpaka katikati ya vidole, maana sukari hutia ganzi mguuni na kidonda hakipigi hodi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hiyo naisema mara nyingi hadi nesi wetu, Scola, huimalizia kabla yangu.

Naitwa Magese, tabibu wa zahanati. Kazi yangu naijua. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani sikujua. Ningekuwa sikujua, ningelala usingizi.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana mama mkwe wangu, Nyanjige, aliletwa kwetu kutoka Sola. Alikuwa akinywa maji ndoo nzima na kukonda, na kipimo kilionyesha sukari ya kutisha. Tukampa chumba cha uani. Sasa, kwetu Usukumani mkwe hazoeleki. Tulisalimiana kwa mbali, mimi nimeinama, yeye ametazama pembeni na khanga kichwani. "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka, baba." Basi. Chumbani mwake sikuingia, alipokula sikula, mkono sikumpa. Dawa na vipimo vyake vilikuwa kazi ya Scola, na maneno yote mengine yalipitia kwa mke wangu, Esteria.

Tarehe moja Januari nilimwandikia malengo yake kwenye karatasi, Esteria amsomee. Soda aache, na chai anywe bila sukari. Ugali usizidi ngumi yake. Kila asubuhi atembee dakika ishirini, hadi geti la jineri ya pamba na kurudi. Niliandika na la nne, la kukagua miguu. Nilipolisoma niliona aibu. Mwanaume gani anaandika habari za nyayo za mama mkwe wake, mpaka katikati ya vidole? Nikachukua karatasi nyingine, nikanakili yale matatu. Nilijiambia Scola atamweleza siku ya kliniki. Scola naye, nilikuja kujua baadaye, alidhani mkwe wa daktari ameshaelezwa nyumbani.

Halafu nikaenda mnadani nikamnunulia raba nyeupe, kwa sababu maisha yake yote alivaa katambuga za matairi na nilitaka miguu yake iwe salama. Saizi Esteria aliikisia kwa macho.

Mama akatembea. Mvua ikinyesha, alitembea. Jirani alipofiwa, alitembea kwanza ndipo akaenda msibani. Michembe ya viazi vitamu na karanga, chakula alichokipenda kuliko vyote, aliwasogezea wajukuu. Mwisho wa Januari Scola alimpima, sukari ikawa imeshuka karibu nusu. Nilivimba kichwa. Nilimtaja kwa kila aliyeingia zahanati: bibi wa miaka sitini na nane, hajawahi kukaa darasani, ameweza, wewe Bujiku umeshindwa nini?

Wiki ya pili ya Februari nilikuwa napiga mswaki uani nilipomwona anarudi. Mguu wa kulia aliukanyagia pembeni. Hakuchechemea kama mtu mwenye maumivu, aliuweka tu vibaya, na yeye mwenyewe alionekana hana habari.

"Esteria," nikamwita jikoni, "kamwangalie mama mguu wa kulia."

Alikwenda, akakaa kidogo, akarudi akijifuta mikono kwenye khanga.

"Anasema mguu mzima, hauumi hata kidogo. Nimemwambia avue kiatu, kakataa. Anasema nikiona mimi nitakwambia wewe, halafu wewe utajua viatu vyako vilimshinda."

"Vilimshinda vipi?"

"Vinambana toka siku ya kwanza, Magese. Kanificha hata mimi. Anasema kitu cha mkwe hakirudishwi."

Angesema unauma ningepumua. Hilo la hauumi ndilo lililonikausha mate.

"Mwambie nimesema apumzike. Asitembee, asivae vile viatu."

"Nitamwambia. Lakini atauliza kakosa nini."

Scola alikuwa Bariadi kwenye semina ya siku tano. Nikampigia simu, nikamweleza. Akacheka kidogo, bila ubaya. "Daktari, si umwangalie mwenyewe? Ni dakika moja tu."

Dakika moja! Nilisimama mbele ya mlango wa chumba chake mara mbili. Mara ya kwanza nilikohoa, nikasikia akivuta khanga haraka kujifunika, nikageuka. Mara ya pili hata kukohoa sikukohoa. Nilimwomba Esteria tena, akaenda tena, akafukuzwa tena, safari hii kwa ukali. Mchana nilishika miguu ya watu nisiowajua, nikaiinua, nikaikagua kidole kwa kidole. Jioni nilizunguka nyumba yangu mwenyewe kama mwizi. Watu husema mganga hajigangi, lakini mgonjwa hapa sikuwa mimi. Mimi nilikuwa mwoga, na woga wangu niliuita heshima.

Siku ya nne asubuhi Esteria alipiga kelele. "Magese, ingia! Ingia hivyo hivyo!"

Niliingia. Mama alikuwa anatetemeka kwa homa. Aliponiona alijifunika uso, na Esteria akamfunua miguu. Harufu ilinifikia kwanza. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi, na uvimbe ulikuwa umepanda hadi katikati ya muundi. Sikuhitaji kupima chochote. Miguu ya namna hiyo nimeiandikia rufaa mara nyingi, na najua wenye nayo hurudi vipi.

Hospitalini huko Bariadi daktari wa upasuaji alinivuta pembeni, akanieleza taratibu, mtu na mwenzake. Mguu ukatwe chini ya goti. Leo. Tukisubiri kesho tutakuwa tunazungumzia uhai wenyewe. Nikamuuliza kama haiwezekani vidole peke yake. Jibu nilikuwa nalo tangu nyumbani, na bado niliuliza, kama wanavyouliza ndugu za wagonjwa wangu.

Mama akakataa kuweka dole gumba kwenye fomu. Esteria alilia, akambembeleza kwa Kisukuma, akapiga magoti, hakuna kitu.

"Mwiteni mkwe," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa ananielekeza."

Nikaingia wodini. Alikuwa amegeukia ukuta, khanga usoni. Nikasimama karibu na mwisho wa kitanda, macho sakafuni, na Esteria akakaa pembeni pake.

"Mkwe." Tangu nimuoe binti yake alikuwa hajawahi kuanza yeye kunisemesha. "Siku zote ulizosema nilitembea. Hata moja sikuruka."

"Najua, mayu."

"Soda sikugusa."

"Najua."

"Sasa nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote."

Nilitaka kumwambia aliyekosea ni nani. Nilitaka kumwambia kuna jambo la nne nililiandika kisha nikalificha, kwamba lingechukua dakika moja kila jioni, na kwamba wagonjwa wangu wote wanalijua isipokuwa yeye. Lakini ningesema, angenisamehe hapo hapo bila kugeuka, kwa vile mimi ni mkwe, na hilo nisingeliweza kulibeba.

"Hawa wanataka kukata," alisema. "Mimi mambo ya hospitali siyajui. Wewe unasemaje? Ukisema ndiyo, ni ndiyo."

Esteria aliinua uso akanitazama. Nesi alisimama na fomu yake.

"Ndiyo, mayu," nikasema. "Wakate."

"Haya."

Akatoa mkono nje ya khanga, uso wake bado uko ukutani, akanyoosha dole gumba, akasubiri wino.