Madoa Mawili Kando ya Galaksi

Revelian alijulikana Gongo la Mboto nzima kwa jambo moja: hapindishi. Ramani ya Tanzania, moyo wa binadamu, mmea wa muhindi, kila alichochora kwenye kuta za shule alikipima kwa uzi na msumari, na chini yake aliandika jina na namba ya simu. Kazi mpya zilitokana na hizo namba.

Kwa hiyo Mwalimu Vaileth wa fizikia alipoukagua ukuta wa maabara kutoka kona hadi kona, fundi alidhani ameridhika.

"Fundi, hii siyo picha niliyokupa."

Revelian akatoa mfukoni ile karatasi iliyochapwa kwa printa ya shule. Humo galaksi, kundi kubwa la nyota, ilikuwa imejiviringisha kama gamba la konokono. Mkono mmoja ulikunjika vizuri; wa pili ulikuwa umevutika kwenda nje, mrefu, mwembamba. Ukutani, mikono yote miwili ilikuwa sawasawa.

"Nimeinyoosha, Mwalimu. Printa yenu iliivuta karatasi, na wino ukadondoka. Ona madoa haya mawili. Nayo sikuyachora."

Vaileth alicheka mpaka akashika rangi mbichi. "Hayo madoa ni galaksi, fundi! Ndogo, majirani wa hii kubwa. Zilipita karibu, zikauvuta huo mkono. Wewe umewafukuza majirani, halafu ukamtibu mgonjwa!"

"Ziligongana?"

"Wala. Zinavutana kwa uzito wao tu."

Revelian akakaa juu ya ndoo ya rangi, akaitazama karatasi upya. Kupindisha si kazi ngumu. Alichoogopa ni mzazi atakayepita na kusema mkono wa Revelian umeanza kutetemeka.

"Nitaupinda. Ila jina langu siandiki."

"Hiyo shauri yako."

Akaufuta mkono wa pili wa galaksi kwa rangi nyeusi, akangoja ikauke. Kisha akaanza na yale madoa, moja kubwa kidogo kuliko jingine. Yalipokaa mahali pake, uzi hakuuhitaji tena. Mkono ulikuwa na pa kuelekea.

Saa kumi jioni Bi Wahiba, mwenye duka mkabala na shule, alivuka barabara.

"Shikamoo, Bi Wahiba."

"Marahaba. Haya, fundi wa uzi! Leo umepinda. Umekunywa nini?"

Ndilo neno alilokuwa analingojea tangu asubuhi. "Sijapinda mie, mama. Imevutwa. Waulize huyu na huyu," akaonyesha kwa brashi.

Bi Wahiba akatazama doa la kwanza, akaufuata mkono, akarudi doa la pili.

"Aa. Kama uzio wangu ulivyoinamia kwao, tangu wale wa mashine ya kusaga wahamie jirani."

"Hivyo hivyo."

"Basi hapo sawa," akasema, akarudi dukani kwake.

Revelian akasuuza brashi ndogo, akapiga magoti, akaandika jina lake na namba ya simu. Herufi alizipima kwa uzi.