Pua ya Mwanafatuma

Msambweni nzima ilijua kwamba mafuta ya nazi ya shamba la Mselem hayatoki mlangoni mpaka pua ya mkewe, Mwanafatuma, iyapitishe. Akivuta pumzi moja tu juu ya bakuli, alikwambia kama tui lililala karibu na jiko, au kama koroma lilichanganywa na nazi zilizokomaa. Watu walimtania kwamba pua ile ilistahili mahari yake peke yake.

Wasichojua ni kwamba pua yenyewe ilikuwa imekufa. Homa ya masika ilimlaza wiki mbili, na alipoinuka hakusikia tena harufu yoyote, ya kitunguu wala ya samaki. Hakumwambia mtu. Aliendelea kuinamia bakuli, kufumba macho na kutikisa kichwa kama kadhi anayekata hukumu. Bahati yake, mafuta yalikuwa yakija mazuri.

Kisha Mselem akafariki. Nazi za mwisho alizozifua kwa mkono wake zilibaki ghalani. Arubaini ilipokaribia, Mwanafatuma na mkaza mwanawe, Nusra, walizikuna, wakakamua tui, wakaliacha lijitenge bila moto, wakaengua mafuta. Waliyaweka chumba cha nyuma katika mabakuli mapana, yamefunikwa kitambaa chepesi, yakauke maji. Mafuta ya namna hii hayapikwi. Sifa yake yote ni ile harufu safi ya nazi.

Siku ya hitima nyumba ilijaa watu. Chetezo kilizungushwa chumba hadi chumba, ubani ukifuka, kama ilivyo ada. Hakuna aliyekumbuka kwamba mafuta hunywa harufu. Zamani Mwanafatuma angeusikia ubani umekaribia mlango ule na kupiga kelele mbele ya maustadhi wote.

Kesho yake alinusa, akasema, "Safi."

Nusra alinusa naye, akakunja uso. Akadhani ni leso yake iliyoshika ubani. Na nani angembishia mama mkwe kwa jambo la pua?

Caroline, mwenye duka la sabuni na mafuta ya ngozi kule Diani, alikuja mwenyewe kuyachukua, kwa vile Mwanafatuma yumo edani, hatoki nje.

"Shikamoo mama. Pole tena na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Hayo hapo. Ni kazi ya mwisho ya marehemu, usije ukayamwaga kwa pupa zako za bara."

Caroline akacheka, akainama, akanusa. Kicheko kikakatika.

"Mama, hii iko na kitu. Kama ubani hivi."

"Ni mimi," Nusra akawahi. "Mama aliniambia nitie vifuniko, nikasahau."

Mwanafatuma hakumwambia neno kama hilo. Alimtazama binti wa watu akijivika kosa lisilo lake. Ilikuwa rahisi mno: amkaripie kidogo, jina lake libaki juu. Kesho angeinamia bakuli jingine, na Nusra angenyamaza tena.

"Mwongo huyu," akasema. "Adabu imemzidi. Mimi ndiye niliyeyapitisha. Sisikii harufu tangu masika, Caroline. Niwekee samaki aliyeoza hapa, nitakukaribisha tule."

Alitaka wacheke. Hawakucheka.

"Mimi nikajua pua yangu ndiyo mbovu," Nusra akasema polepole.

"Hapo ndipo nilipokudhulumu, mwanangu."

Caroline alirudishia kitambaa juu ya bakuli, taratibu, kama anayefunika mtoto. "Haya siwezi kuyachukua, mama. Pole."

"Usiyachukue. Tutayapaka wenyewe."

"Na yale ya kabla ya msiba, yaliyo kwenye madumu pale pembeni?"

Mwanafatuma alitaka kusema yako sawa. Neno lilifika ulimini, akalimeza. "Hayo nayo niliyapitisha mimi. Msiyaamini."

Akajiinua, akavuta dumu la kwanza, akalifungua na kulisogeza mbele ya mkaza mwanawe.

Nusra akainama. Mwanafatuma akasimama kando, mikono imeshika ncha za leso, akiukodolea macho uso ule wa kijana, akisubiri kuambiwa.