Maji ya Sherehe

Sidonie alipiga goti kwenye matope ya chemchemi, akakaza kitenge kiunoni mpaka pumzi ikamkatika, halafu akalivuta bidoni la lita ishirini likagusa tumbo lake. Goti chini, mgongo wima, mzigo karibu na mwili. Ndivyo walivyofundishwa darasani Kasongo kumwinua mgonjwa, na walifundishwa vizuri, ila kitabu hakikusema lolote kuhusu mlima. Safia, mwanafunzi mwenzake, akamtwisha. Maumivu yakamchoma kiunoni, yakateremka mguu wa kushoto hadi kisigino. Akangoja yapite. Hayakupita, akaanza kupanda nayo.

"Hiyo ya ngapi?" Safia aliuliza nyuma yake.

"Ya saba."

"Yaya, dada yangu, utakufa na hii maji."

"Nikifa watamutuma mwingine. Tembea."

Wote wawili walikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, na hii ilikuwa siku ya mwisho ya staji yao, mafunzo ya vitendo ya miezi minne, katika kituo hiki kidogo cha afya upande wa Kabambare. Jumatatu wangekuwa Kasongo mbele ya majaji wa mtihani wa diploma. Mlangoni pale kila mwanafunzi hutoa cheti kimoja, kilichotiwa saini na mkuu wa kituo alikofanyia staji, kwamba mwili wake unaweza kazi. Huna cheti, huingii. Na mkuu wa kituo hiki alikuwa Directeur Iliasi.

Mgongo wa Sidonie ulianza kuuma akiwa na miaka kumi na sita, mgodini Salamabila. Kila likizo alitoka kwao Lusangi kwenda huko kubeba viroba vya mawe ya dhahabu, kutoka shimoni hadi kwa wanawake wanaotwanga, ili arudi darasani. Mgongo ndio uliomsomesha, tusidanganyane. Wala hakuuficha. Wiki ya kwanza tu ya staji alimfuata Directeur ofisini, kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Directeur, niko na ugonjwa wa mugongo. Nipe kazi ingine yoyote, hata zamu ya usiku kila siku. Ni maji tu inanishinda."

"Nani alikuandikia huo mugongo?"

"Docteur wa Kasongo anaweza kuandika."

"Aandike. Siku utaniletea karatasi yake, na miye nitaandika yangu: inapte, hafai. Infirmière, muuguzi wa kushindwa na bidoni, atainua mugonjwa?"

"Wagonjwa ninawainua, Directeur. Mwaka wa tatu huu."

"Basi hauna mugongo. Enda uchote."

Haya, mtu afanye nini hapo? Ukisema unaumwa, hufai. Ukinyamaza, chota. Sidonie alinyamaza miezi minne, akameza vidonge viwili kila alfajiri, akachota.

Na kilichomkera kuliko maumivu yenyewe ni kwamba bomba lilikuwepo. Nyuma ya wodi ya wazazi lilisimama tangi jeusi juu ya nguzo za matofali, na chini yake bomba linalong'aa, limefungwa kufuli na utepe tangu Januari. Lisiguswe mpaka lizinduliwe. Mheshimiwa wa kulizindua alisemekana anakuja Februari, halafu baada ya mvua, halafu kiangazi kikaingia. Miezi saba watu walipita mbele ya bomba na bidoni kichwani. Siku moja, wakifyeka majani, Sidonie na Safia walikuta mwisho wa mpira wa kuleta maji tangini. Hatua hamsini kutoka tangini, mdomo wazi kwenye nyasi, umejaa udongo. Haukuwa umeunganishwa na chochote.

Sasa Mheshimiwa anafika leo saa nne. Kwa hiyo tangu alfajiri wanafunzi walikuwa wanapanda ngazi na kulijaza tangi kwa bidoni, ili bomba limwage maji mbele yake. Directeur alisema wazi, "Vyeti nitasaini baada ya sherehe."

Sidonie alikuwa anapita dirishani kwa wodi ya wazazi alipoitwa.

"Munganga. Hata kikombe kimoja tu."

Alikuwa Mama Fatuma, aliyejifungua usiku mikononi mwa Sidonie mwenyewe. Sasa saa tatu asubuhi, na damu ilikuwa imemkaukia mapajani. Hakuna aliyemwogesha, maji yote yalikwenda tangini. Sidonie alisimama na bidoni lake kichwani, akalitazama tangi, akamtazama mama. Hasira ikampanda. Akaingia ndani.

Alimimina maji yote kwenye beseni. Akamwogesha taratibu, akambonyeza tumbo kuona kama kizazi kinakaza, akambadilisha kitambaa, akamweka mtoto titini. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kufanya kazi aliyoisomea, na kwa muda huo aliusahau mguu.

Alipoinuka, Directeur Iliasi alikuwa mlangoni ndani ya koti jipya.

"Hiyo si maji ya tangi?"

"Ni maji ya mugonjwa, Directeur."

Directeur aliangalia saa yake, akaondoka.

Mheshimiwa alifika na pikipiki nane, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akahutubia. Utepe ukakatwa, kufuli likafunguliwa, na maji yakatoka, kweli yakatoka. Vigelegele! Mheshimiwa akanawa, akanywa, akapigwa picha. Mpiga picha akataka nyingine, kina mama waje na mabeseni. Beseni la pili likiwa nusu, bomba likakohoa, likatoa povu, likanyamaza.

"Ni nguvu ya maji tu, itarudi!" Directeur alisema, akacheka sana. Mheshimiwa naye akacheka, na wote wakacheka. Wakaenda kula kuku.

Alasiri Directeur aliwaita ofisini. Cheti cha Safia alikisaini amesimama. Kwa cha Sidonie aliketi kitini, akaandika polepole, akagonga muhuri. *Inapte. Maumivu sugu ya mgongo. Asibebe uzito.*

Sidonie alikisoma mara mbili. "Directeur, ulisema sina mugongo."

"Nimekuona leo kwenye ngazi, ulikuwa unapanda kama bibi kizee. Unataka nisaini uongo? Kasongo watanionaje?"

"Na ule mupira kule kwenye majani, si uongo?"

Safia alimvuta nguo. Directeur akafunika kalamu yake, akaiweka mfukoni.

"Kitabu yako ya alama za staji iko humu," alisema, akigonga droo. "Ukiwa nayo, labda mwaka kesho utaomba mtihani tena. Ukikosa, miaka mitatu imekwenda. Unaitaka ao hauitaki?"

Sidonie aliitazama droo.

"Basi enda uchote. Wageni wamemaliza kula, wanataka kunawa."

Sidonie alimwinulia cheti usoni. "Umeandika nisibebe uzito. Mukono yako hii."

"Hiyo ni ya Kasongo, mutoto. Hapa wageni wanangoja."

Sidonie akatoka. Bomba lilikuwa limeshafungwa kufuli tena, watoto wasije wakaliharibu. Safia alikimbilia kufunga mizigo, pikipiki ya Kasongo ilikuwa inaondoka, na kwa nini asikimbie. Sidonie alikunja cheti akakitia kifuani, akateremka peke yake.

Chemchemini alipiga goti, akakaza kitenge, akajaza bidoni mpaka shingoni, akalivuta tumboni. Goti chini, mgongo wima. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuna wa kumtwisha. Alibaki vile, amepiga goti, amelikumbatia, maji yakimwagikia mapajani.

Kutoka juu mtu aliita, "Maji iko wapi?"