Vumbi la Kelvini Ishirini na Nne

Nilipanda treni kwenda Nobeyama kumwambia mwalimu wangu, Mzee Tokunaga, kwamba alikosea.

Miaka ishirini na sita nyuma alitangaza umbali wa galaksi moja inayong'aa ajabu kwa mwanga wa joto, ule usioonekana kwa macho. Ndiyo iliyompa jina. Alikisia kuwa vumbi lake ni la moto. Na kwa kuwa mwanga hupoa kadiri unavyosafiri, vumbi la moto ambalo mwanga wake unatufikia umepoa vile lazima liwe mbali mno. Sasa mimi nilikuwa nimepima umbali wenyewe kwa mwanga wa gesi yake, bila kukisia joto. Haukufika hata nusu.

"Chinatsu! Mbona umekonda? Huko Tokyo hawapiki?" alinipokea mlangoni.

"Wanapika, Mwalimu. Mimi ndiye sili."

Aliniandalia tambi za soba. Nikamsogezea makala yangu, akaisoma kidole kikifuata mistari.

"Vumbi lina joto gani?"

"Kelvini ishirini na tatu. Wewe uliandika arobaini. Nisamehe, Mwalimu."

Akanyanyuka, akaingia chumba cha pili. Nikasikia kengele ndogo ya madhabahu ya kumkumbuka mkewe, Bi Fumie, aliyefariki mwaka jana. Nilipomfuata, nilimkuta amepiga magoti mbele ya picha yake.

"Haya Fumie, nicheke. Ni la baridi."

Akanigeukia, macho yamemwiva. "Yeye ndiye alikuwa akinifanyia hesabu. Aliniambia, 'Seiji, vumbi hili ni la baridi, acha tamaa ya mbali.' Nikamjibu awaachie wenye shahada. Siku tatu hakunisemesha. Ya nne akanipikia, yakaishia hapo. Sikumwomba radhi, Chinatsu. Mpaka anakufa."

Nikapiga magoti kando yake. "Makala haijachapwa. Kama hesabu zake zipo, jina lake litakaa pamoja na yetu."

"Zipo! Sijatupa hata karatasi yake moja."

Tulishinda sakafuni tukifungua maboksi. Jioni karatasi yenyewe ikaonekana: mwandiko mdogo wa penseli, ishirini na nne, na alama ya kuuliza pembeni. Mwalimu aliishika kwa mikono miwili.

"Amekosea kwa digrii moja tu," nikasema.

"Nani kakosea? Wewe ndiye umekosea. Usimbishie mke wangu!"

Akacheka huku machozi yakimtiririka, nami nikaenda kupima upya.